Shahada na Mikorosho: Hesabu ya Kufanywa Kabla ya Oktoba

Mwezi wa Oktoba hubeba mizigo miwili katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Ndio mwezi ambao minada ya korosho hufunguliwa, na ndio mwezi ambao vyuo vikuu huanza kupokea wanafunzi wapya. Mkulima aliyepalilia, akapogoa na kupulizia salfa tangu mikorosho ilipoanza kuchanua, huwa bado hajashika fedha yake. Korosho zake zimo katika ghala la chama cha msingi, au zimo njiani kuelekea ghala kuu, au zimekwisha kunadiwa na malipo yanasubiriwa benki. Chuo hakisubiri. Taarifa ya kudahiliwa imekwisha fika, nauli inatakiwa, na mwana hana budi kujisajili. Katika pengo hilo la majuma machache ndipo mnunuzi wa kangomba anapobisha hodi, usiku, akiwa na fedha taslimu mfukoni na kipimo chake mkononi.

Wapo wasemao kwamba fulani alifilisiwa na elimu ya mwanawe. Aghalabu hakufilisiwa na elimu. Alifilisiwa na majuma hayo.

Jambo hili lastahili kuelezwa kwa kirefu, maana swali linaloulizwa sasa katika mabaraza ya vijiji, toka Likunja hata Nachingwea mjini, ni kali kuliko lilivyokuwa zamani: je, shahada ya chuo kikuu ingali na thamani, au ni heri kijana abaki nyumbani ajitegemee kwa kazi yake mwenyewe? Kila upande una ushahidi wake. Yuko kijana aliyerudi na cheti, naye ameketi barazani kwa wazazi wake mwaka wa pili sasa. Yuko mwenzake aliyeishia Kidato cha Nne, ambaye leo ana mashine ya kupulizia, hukodishwa na nusu ya kijiji, na nyumba yake amekwisha kuiezeka bati. Wanaowatazama wawili hao huhitimisha upesi mno. Hawaulizi huyo wa kwanza alisomea nini na kwa fedha ipi, wala huyo wa pili atafanya nini siku mashine itakapoharibika na bei itakapoanguka.

CHETI KILIVYOPATA HESHIMA YAKE

Tanganyika ilipojipatia uhuru wake Desemba 1961, chuo kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na umri wa miezi miwili tu. Kilianza Oktoba ya mwaka huo kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wahitimu wazalendo katika nchi nzima walikuwa wa kuhesabika, na kila afisa wa kikoloni aliyefunga mizigo yake aliacha kiti kitupu. Mwenye shahada hakutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyomtafuta. Wazazi wa zama zile hawakukosea walipoamini kwamba cheti ni mshahara. Kwa miaka mingi imani hiyo ilikuwa kweli tupu.

Walakini hata katika zama hizo hatari ilikwisha kuonekana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangekata sehemu kubwa ya mishahara yao ya mwanzo. Rais Nyerere aliwarudisha makwao zaidi ya 300, akakata pia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Waraka huo hutajwa mara nyingi na watu wanaodhani kwamba ulihusu bustani za shule. Kiini chake kilikuwa kingine. Mwalimu alisema kwamba watoto walio wengi hawatafika sekondari, sembuse chuo kikuu. Basi shule ya msingi isiwe ngazi ya kuwapandisha wachache, bali iwe elimu iliyokamilika kwa ajili ya maisha ya hao wengi. Alisikitika kadhalika kwamba shule ilikuwa ikiwafundisha vijana kudharau maarifa ya wazee wao wasiosoma.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba kijana amalizapo sekondari na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa afanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu, naye awe amependekezwa na mahali pake pa kazi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake. Wasichana waliondolewa katika sharti hilo baada ya muda mfupi, kwa kuwa idadi yao chuoni ilipungua, na hatimaye utaratibu wote ukaachwa. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na busara ambayo yafaa kuitenganisha na makosa yake: mtu aliyekwisha kufanya kazi hujua anakwenda kusoma nini.

Hali ya sasa ni ya namna nyingine kabisa. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi za kazi 1,596, wakajitokeza waombaji zaidi ya 135,000. Maana yake ni waombaji zaidi ya 80 kwa kila kiti kimoja. Mzazi anayemsomesha mwanawe leo kwa imani ya mwaka 1961 ananunua kitu kilichokwisha kubadilika bei na matumizi yake. Hii haisemi kwamba kitu hicho ni kibovu.

USOMI ULIOIPITIA NACHINGWEA

Watu wa Nachingwea wana sababu ya kutowastahi wasomi kupita kiasi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja wataalamu, wakaja na matrekta, ikajengwa reli ya kusafirishia karanga na bandari ya kuzipakia huko Mtwara. Udongo na mvua havikuulizwa vya kutosha, wala hawakuulizwa wale waliokuwa wakiishi juu ya udongo huo. Januari 1951 mpango ukafutwa, na hasara ikakadiriwa kuwa pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962. Mabibi na mababu walioyaona hayo waliwaachia wajukuu wao mzaha ambao ungalipo.

Lakini kisa cha pili husahauliwa, nacho ni kikubwa zaidi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baada ya hapo mavuno yakaporomoka mwaka hata mwaka, na kufikia msimu wa 1986/87 yalikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa. Wakulima walihamishiwa vijiji vya pamoja mbali na mikorosho yao, bei haikuvutia, na juu ya hayo ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ambao hufunika maua na machipukizi kwa unga mweupe hata yakakauka bila kuzaa. Mkulima hodari wa kupalilia hakuweza kuushinda kwa jembe. Walioushughulikia ni watafiti, hasa wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara, waliothibitisha matumizi ya salfa, wakaeleza ipulizwe lini na kwa kiasi gani, kisha wakachagua mikorosho inayozaa vizuri na kuisambaza kwa miche ya kubebesha. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000. Kila gunia linalopimwa leo katika vyama vya msingi vya Ruangwa na Nachingwea lina ndani yake kazi ya watu waliokaa darasani miaka mingi.

Kwa hiyo anayesema shambani kwamba shahada haina kazi, huyasema hayo akiwa chini ya mti ulioponywa na wenye shahada. Tofauti ya visa hivi viwili si wingi wa vyeti. Wale wa karanga walikuja na jibu tayari. Wale wa Naliendele walianza na mti wa mkulima, wakauliza unaumwa nini.

HESABU YA MITI

Sasa yafaa kuitazama familia moja. Ichukuliwe familia ya mwanachama yenye ekari tano za mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kila ekari huwa na miti 28 hivi. Kwa hiyo shamba zima lina miti 140. Mti mmoja uliotunzwa ukitoa kilo 10, na bei ikiwa shilingi 2,500 kwa kilo, mti huo huingiza shilingi 25,000 kwa msimu kabla ya kutoa gharama za palizi, salfa, kuokota na makato. Bei hii ni ya mfano tu. Kila msomaji aweke bei aliyolipwa mwenyewe na kilo alizovuna mwenyewe, apate hesabu ya kwake.

Mwana amechaguliwa kwenda chuo kikuu. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 msamaha huo umefika Kidato cha Sita. Ndiyo sababu wazazi wengi hukutana na ada kubwa kwa mara ya kwanza chuoni. Huko ada ya masomo mengi ya vyuo vya umma huwa baina ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, na juu yake pana chakula, malazi, vitabu na safari. Masomo ya shahada huchukua miaka mitatu kwa fani nyingi, minne kwa uhandisi, mitano kwa udaktari. Mwanafunzi akipata mkopo wa Serikali mzigo hupungua sana, ila mara nyingi mkopo haukidhi mahitaji yote.

Tuseme pamepungua shilingi milioni moja na nusu. Mzee anaweka rehani miti 40 kwa misimu mitatu. Mkopeshaji atavuna kilo 400 kila msimu, yaani shilingi milioni moja, na kwa misimu mitatu milioni tatu. Hata akitoa gharama ya robo nzima, atabaki na shilingi 2,250,000 kwa deni la 1,500,000. Riba ni nusu ya deni. Na hilo si baya kuliko yote. Mtu aliyeshika mti wa rehani hana haja na mti huo baada ya msimu wa tatu; hapogoi, hachomi masalia yenye ugonjwa, na salfa hupuliza kwa kadiri ya kumtosha yeye. Mti hurudi kwa mwenyewe ukiwa umechoka.

Akiuuza mti moja kwa moja hasara huzidi. Mti unaoingiza shilingi 25,000 kwa msimu ukiuzwa kwa 50,000, mnunuzi hurudisha fedha yake kabla mwanafunzi hajamaliza mwaka wa pili, kisha huendelea kuvuna kwa miaka mingi mfululizo. Mwana atakaporudi na shahada yake, kama hakupata ajira, atakuta kwamba njia ya pili, ile ya kujitegemea, ndiyo iliyouzwa ili kugharimia ya kwanza.

Hapo ndipo lilipo kosa. Shahada na kujiajiri huzungumzwa kama njia panda, ambapo mtu hushika upande mmoja na kuuacha mwingine. Kwa familia ya mkulima wa korosho si hivyo. Mikorosho ndiyo bima ya shahada. Familia iliyosomesha na kubaki na miti yake yaweza kuvumilia miaka miwili ya mwana kukaa bila ajira, na pengine asikae kabisa, kwa maana atakuwa na mahali pa kuanzia. Familia iliyosomesha kwa kuuza miti imeweka kila kitu juu ya barua moja ya ajira.

KUJIAJIRI NAKO KUNA MASHARTI YAKE

Wanaoisifu njia ya kujitegemea huitaja kana kwamba haina ada. Ina ada, ila hailipwi dirishani. Mwenye mashine ya kupulizia alihitaji mtaji. Akahitaji kujua uwiano wa salfa, kujikinga macho na mapafu, kutengeneza injini, na kuandika anayemdai. Mwenye kitalu cha miche hana budi kujua kubebesha, kazi ambayo hujifunzwa kwa mkono chini ya mtu anayeijua. Akina mama wanaobangua korosho katika vikundi wameona kwamba kubangua ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumpata mnunuzi wa uhakika.

Kisha pana bei, ambayo haimtazami mtu ana cheti au hana. Agosti 2017 India iliweka mipaka ya kuingiza mbaazi kutoka nje. Wakulima wa kusini waliokuwa wamepanuka kwa kutegemea bei ya msimu uliotangulia waliona bei ikianguka vibaya ndani ya muda mfupi. Wengine waliziacha mbaazi shambani. Novemba 2018 wanunuzi wa korosho walipogoma kutoa bei ya kuridhisha, Serikali iliagiza zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuliingiza jeshi katika kazi ya kuzisomba. Wako waliongojea fedha zao kwa miezi mingi. Anayejiajiri kwa zao moja na soko moja amejiajiri kwa jina tu. Mwajiri wake yuko mbali, hamjui, na aweza kumwachisha kazi siku yoyote.

Vijana wa vijijini hulijua hili kuliko wanavyodhaniwa. Ndiyo maana mmoja huchanganya ufuta, pikipiki ya abiria na matofali, na mwingine hukimbilia machimboni. Ruangwa sasa ina madini ya kinywe, na migodi huajiri. Hata hivyo migodi huuliza swali lile lile: unajua kufanya nini? Fundi wa umeme, fundi wa mitambo na dereva mwenye leseni ya magari makubwa huitwa kabla ya mwenye shahada isiyo na ufundi ndani yake.

Upande huu husahauliwa kabisa katika mabishano ya shahada na jembe. Baina ya vitu hivi viwili pana vyeti na stashahada za miaka miwili au mitatu: ufundi, uuguzi, kilimo, mifugo, ushirika. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Mzazi ambaye mwanawe ameshika ufaulu wa wastani angefanya vema kuuliza habari za vyuo hivyo kabla ya kushawishika na jina la chuo kikuu.

Kuhusu mkopo wenyewe, lazima ifahamike kwamba ni deni la mwanafunzi. Mwenye kuajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Aliyejiajiri naye hana msamaha. Sheria inamtaka alipe kila mwezi. Mwaka 2021 Serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilikuza deni hilo mwaka hata mwaka, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa ikafutwa pia. Kwa sababu hiyo mkopo wa Bodi, pamoja na makato yake yanayolalamikiwa, ni nafuu mara nyingi kuliko rehani ya mikorosho. Wenye kuukosa kwa uzembe ndio wa kusikitikiwa. Kila mwaka wako wanaoukosa kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa na RITA, au cheti cha kifo cha baba hakijawahi kutafutwa, na dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, wakati wazee wamo mashambani wakipuliza.

HABARI YA MABINTI

Hesabu iliyotolewa hapo juu haitoshi inapomhusu binti. Katika koo nyingi za Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana neno katika kikao kinachoamua nani asome. Pamoja na hayo, mikorosho mingi imeandikwa kwa majina ya wanaume, na katika madaftari ya vyama vya msingi anayelipwa ni mwenye jina. Binti anayeambiwa abaki ajitegemee huulizwa mara chache atajitegemea kwa shamba la nani. Akiolewa hulima kwa mumewe. Akiachika huondoka na sufuria na watoto.

Elimu yake ni mali isiyogawanywa siku ya talaka. Uuguzi, ualimu au uhasibu aliousomea humfuata aendako. Mjomba mwenye busara atakayepima shahada ya mpwa wake wa kike kwa kipimo cha mshahara peke yake atakuwa amepima kidogo mno. Wala familia isimhesabu aliyekatiza masomo kwa uja uzito kuwa amekwisha. Tangu Novemba 2021 mlango wa shule uko wazi kwake kurudi baada ya kujifungua.

ALIYETANGULIA KUFANYA, KISHA AKASOMA

Historia ya ushirika nchini inao mfano mzuri wa mtu aliyeyaunganisha mambo haya kwa utaratibu unaofaa. Paul Bomani alikuwa mwandishi wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Usukuma akiwakusanya wakulima wa pamba, ambao kilio chao kilikuwa mizani ya wanunuzi. Ni baada ya kuyajua matatizo hayo kwa miguu yake mwenyewe ndipo alipokwenda Uingereza, katika chuo cha Loughborough, kusomea ushirika. Aliporudi ndipo liliposimama shirikisho kubwa la vyama vya pamba vya Ziwa Victoria, mwaka 1955. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Hakwenda Loughborough kutafuta kazi; alikuwa nayo. Alikwenda kutafuta alichopungukiwa nacho.

Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa Moshi mwaka 1963, kiliwalenga watu wa namna hiyo: makatibu, wajumbe wa kamati, watunza vitabu waliokwisha kuwa kazini. Chuo hicho ndicho ambacho tangu mwaka 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, nacho hutoa cheti na stashahada pamoja na shahada.

Vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI vinahitaji watu hao leo kuliko vilivyowahitaji juzi. Mizani ni ya kidijitali. Minada imehamia katika mfumo wa Soko la Bidhaa, na hesabu za vyama zinaingizwa katika kompyuta. Mtunza ghala asiyejua kupima unyevu hupokea korosho zitakazokataliwa ghala kuu, na anayepata hasara ni mkulima. Karani asiyeweza kuueleza mjengeko wa makato, shilingi kwa shilingi, anakiweka chama chake hatarini. Lililotukia Liwale mwezi Aprili 2013 halijasahauliwa: malipo ya korosho yalipokuja pungufu ya matarajio, hasira ikazuka na nyumba zikachomwa moto, zikiwamo za viongozi. Bei ya dunia ilikuwa imeshuka, lakini mkulima aliyeletewa fedha pungufu bila maelezo hana njia ya kujua kama ameibiwa na soko au ameibiwa na jirani.

Kwa hiyo kabla chama hakijalalamika kwamba wasomi wanakaa bure barazani, kijiulize kama kimewahi kuandika kinawahitaji wa aina gani. Kijana wa uhasibu aliye nyumbani akingojea ajira aweza kushika vitabu vya chama kwa msimu mmoja wa minada, kwa posho iliyopitishwa na Mkutano Mkuu, chini ya usimamizi wa katibu. Chama kitapata hesabu safi mbele ya mkaguzi. Kijana atapata barua ya kazi ya kweli ya kuonyesha aendako. Nao wanaojiajiri katika vikundi wasiisahau mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

PENGO LA OKTOBA

Lililobaki ni lile pengo la majuma machache, na hilo vyama vyaweza kulipunguza bila kungoja mtu. Mwanachama mwenye mtoto Kidato cha Sita hujulikana mwaka mzima kabla. Matokeo ya mtihani hutoka Julai. Mwanachama huyo akianza kuweka akiba katika SACCOS tangu mauzo ya ufuta, ambayo hutangulia yale ya korosho, atakuwa na fedha ya usajili Oktoba. Asipoweza, stakabadhi ya ghala ni hati yenye thamani. Sheria ya mwaka 2005 iliyoanzisha mfumo huo iliiruhusu itumike kama dhamana ya mkopo. SACCOS yaweza kumkopesha sehemu ya thamani ya korosho zilizokwisha kupokelewa, ikajilipa mnada ukishalipwa. Riba ya majuma sita kwa utaratibu huo haifanani hata kidogo na ile ya kangomba.

Ikiwa rehani ya mikorosho haikwepeki, basi iandikwe. Miti ihesabiwe mbele ya pande zote mbili na kutiwa alama ya rangi. Yatajwe majina ya misimu, si idadi ya miaka, maana mwaka hubishaniwa. Iandikwe nani atapogoa, nani atapuliza na mara ngapi, na mwenye shamba awe na haki ya kuingia kukagua. Mke atie sahihi yake, na mjomba au mrithi ashuhudie. Nakala moja ikae kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa katibu wa chama cha msingi, ili korosho za miti hiyo zipokelewe ghalani kwa jina linalofahamika. Na siku ya kurudisha miti ihesabiwe tena, mmoja mmoja, kabla mtu yeyote hajapuliza salfa ya msimu mpya.